Maneno Saba ya Kumfunga Mtoto Mgongoni

Kyakimwa Henriette, binti wa Kakule Zéphirin, yule Zéphirin aliyetoka Lubero kwa miguu na mbuzi wawili akafika Goma na watatu, kwa sababu mmoja alizaa njiani na mkunga alikuwa yeye. Mjukuu wa Kanyere, aliyesuka vikapu vya kushika maji bila kuvuja hata tone. Kilembwe cha mwanamume ambaye jina lake limesahauliwa, ila ukoo mzima unajua kwamba alivuka mto Semuliki wakati wa mafuriko akiwa amembeba mama yake mzazi. Hiyo ndiyo damu. Damu ya watu wenye mikono. Ilishuka vizuri kutoka mlima hadi mlima, na ilipomfikia Henriette ikajikwaa.

Maana matendo yake yeye ni mengine. Alivunja sahani iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya askofu, na alipopewa nyingine akaivunja hiyo pia. Siku ya kumzika mjomba wake alisogea kutupa udongo, akaufuata udongo kaburini, akatolewa na wanaume wale wale walioshusha sanduku, kwa kamba ile ile. Mkono wa kuume umevunjika mara mbili, wa kushoto mara moja, na mara hizo tatu za kwanza alikuwa anatembea katika uwanja wake mwenyewe, mchana, jua likiwaka. Haya yote aliyafanya bila kuonja pombe. Angependa jambo hilo liandikwe kwa herufi kubwa, kwa kuwa mtaani Majengo wapo walioapa vingine.

Kichwa, hata hivyo, Mungu hakumnyima. Kwa masista wa Butembo alisoma mpaka darasa la sita, na mpaka leo, miaka sabini ikiwa imempita, anaweza kukutajia wasichana wote wa darasa hilo kwa kufuata madawati, pamoja na yule aliyekuwa na chawa. Injili aliisema bila kuangalia kitabu. Lakini ilikuwapo pia saa ya kushona. Siku moja alishona kitambaa cha meza, mshono mdogo mdogo kama njia ya sisimizi, sista akamsifu, akamwita mbele akionyeshe kwa darasa zima. Henriette akasimama. Kitambaa kikaja naye, kwa sababu alikuwa amekishonea kwenye sketi yake. Na mkasi, na sindano, na kikombe cha chai cha sista, vilivyokuwa juu ya kitambaa, vikaja pia.

Aliolewa na Donat, mwanamume wa chukudu. Kila alfajiri Donat alikisukuma chombo chake cha mti, chenye magurudumu mawili ya mti, mpaka Kibumba, akapakia viazi na makabichi, akateremka nacho Goma goti moja likiwa juu ya ubao, upepo ukimtoa machozi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mazuri. Wenzake walipomtania juu ya mke wake, alijibu, "Kuna batu balioa wanamuke wa kuvunja roho. Wangu anavunja vikombe tu. Vikombe viko ku soko."

Tatizo halikuwa vikombe. Tatizo lilikuwa watoto.

Kwetu mtoto hufungwa mgongoni. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, kama vile hakuna aliyeiandikia mvua inyeshe. Mama anainama, mtoto anawekwa, kikwembe kinarushwa, kinavutwa, kinasongwa kifuani, na mama anaendelea kulima. Na katika ukoo wa Donat kulikuwa na jambo la ziada: mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayemfunga mgongoni mwake na kuzunguka naye nyumba nzima, majirani waone kwamba amepokelewa. Henriette alizaa watoto watano, wala hakumfunga hata mmoja. Aliinama, ndiyo. Alirusha kikwembe, ndiyo. Kikwembe kilimfunika kichwa. Kila mwanamke aliyemhurumia alimfundisha kwa maneno yale yale: "Unafanya tu hivi," na kitambaa kinapaa, na kimekwisha kufungwa. Hilo "hivi" ndilo somo fupi kuliko yote aliyowahi kupewa, na alipewa miaka arobaini. Mwishowe Donat alikuwa akiwaweka watoto ndani ya kreti ya bia juu ya chukudu. Wote watano waliijua barabara ya Kibumba kabla ya kuujua mgongo wa mama yao.

Mwaka 1994, wakimbizi walipovuka mpaka wengi kama majani, parokia iliwaita akina mama wagawe uji. Henriette alipewa upawa. Wa kwanza kupata uji alikuwa padri, kwenye viatu. Wakamnyang'anya upawa bila ugomvi, wakamkalisha kwenye benchi pamoja na watoto waliopotezana na wazazi, asimguse mtu. Na pale ndipo alipofaa. Mtoto anamwambia jina la kilima chao na jina la mbwa wao; siku ya tatu mwanamke anapita akilia, anataja mbwa yule yule, Henriette anasimama: "Mama, wako ameketi pale, ule wa shati ya rangi ya majani." Hakuandika hata jina moja. Waliporudi kumshukuru alisema washukuru kwamba aliporwa upawa mapema, la sivyo watoto wangerudi kwao na malengelenge.

Kisha Januari ya 2002 mlima ukapasuka, na moto ukashuka mjini.

Binti yake Laurence alikuwa Kibumba siku hiyo kununua makabichi, akamwachia mtoto wake wa mwaka mmoja, Héritière. Donat alikuwa amekwisha kufunga godoro kwenye chukudu, kreti haikuwa na nafasi. "Funga mutoto, twende!" alisema. Majirani wote walikuwa wanakimbia, hapakuwa na mwanamke wa kumwomba. Basi Henriette akafunga mwenyewe. Alifunga mafundo manne, matano, na moja la bahati. Akaondoka kuelekea mpaka wa Gisenyi kichwa juu, kwa sababu hakuwahi kutembea hivyo maisha yake yote, na akaona kweli watu wanamtazama.

"Mama! Eh, mama!" mmoja alipaza sauti. "Mutoto wako anasalimia batu na miguu!"

Henriette akampungia mkono.

"Mama, kamata mutoto! Kamata!"

Aliyemkamata alikuwa Eugénie, dada ya Donat. Alimdaka Héritière kwa kumshika mguu mmoja, kichwa kikiwa kimeshuka chini ya kikwembe, shibiri moja kutoka kwenye mawe. Mtoto hakulia hata kidogo. Alikuwa anashangaa dunia iliyopinduka. Eugénie akafungua mafundo yote sita, akainama, kitambaa kikapaa. "Unafanya tu hivi, Henriette. Hivi! Ni kitu gani hauelewe?"

Kwa miaka ishirini na tatu Eugénie aliisimulia habari hiyo kwenye kila arusi na kila msiba, na kila aliposimulia mtoto alishuka zaidi. Héritière mwenyewe alipoolewa, nywele zake zilikuwa zimefagia udongo wa nchi mbili. Watu walicheka, na Henriette alicheka kuwapita wote, ndiyo njia ya kumwahi mwenye fimbo. Lakini tangu siku ile hakuna mtoto aliyepanda tena mgongoni kwake. Wakimwekea mjukuu mapajani alikaa chini kabisa, mgongo ukutani, kama mtu aliyepewa yai la Serikali.

Donat alifariki kwa utaratibu, akiwa usingizini, na chukudu ikabaki imeegemea ukuta. Mwaka 2023 Henriette akaanguka pale pale pembeni yake, akavunjika mkono kwa mara ya tatu, na ndivyo alivyofika kwa Valérie.

Valérie ni binti wa Masisi mwenye mabega ya mchungaji wa ng'ombe na sauti ya kuwaita. Kazi yake ni kunyoosha viungo vya watu waliovunjika, na amesomea pia namna ya kuwasaidia watu wazima ambao kazi ndogo za kila siku zinawashinda.

"Mama, ulianguka juu ya nini?" aliuliza.

"Juu ya hakuna kitu."

"Na ile mara ya mbele?"

"Hakuna kitu kile kile. Kinakaa karibu na mulango."

Valérie hakucheka. Akamwambia aguse kidole gumba kwa kila kidole, kimoja kimoja, kwa kufuatana. Akamwambia afunge vifungo vya koti. Akamwambia anyooshe mkono wa kuume, na Henriette akatazama kwanza mikono yote miwili: wa kuume ndio wenye kovu la chungu cha ugali wa fufu, wa kushoto ndio wenye pete. Bila kovu na pete angekuwa bado anatafuta. Valérie akaweka kalamu chini.

"Ulikuwa hivi tangu butoto?"

"Tangu tumboni. Mama alisema nilitoka nimegeuka."

"Mama, hii iko na jina. Banaiita dyspraxie."

"Inaua?"

"Hapana."

"Inaambukiza? Niko na bajukuu."

"Haiambukize. Mara ingine inapita mu damu tu."

"Basi inafanya nini?"

"Inavunja vikombe," alisema Valérie, na hapo wakacheka wote wawili.

Alimweleza hivi: kichwa kinajua kinachotaka, na mikono ina nguvu zake, lakini habari inayotoka kichwani ni kama lori linalotoka Butembo. Limepakiwa vizuri. Njiani kuna vizuizi, huku wanalisimamisha, kule wanalipeleka barabara nyingine, na likifika Goma nyanya zimeoza. Haiponi, alisema wazi. Ila mtu anaweza kufundishwa njia nyingine ya kupita.

Henriette akarudi nyumbani akakasirika siku mbili. Alikumbuka rula ya sista, pigo kwa pigo, maana kichwa chake hakisahau. Alikumbuka walioapa kwamba anakunywa. Alilia kidogo, akamwaga chai, akacheka. Eugénie alipoletewa habari alisema tu, "Siku hizi hata uzembe uko na jina ya kizungu."

Kila Alhamisi Valérie aliwakusanya watu wa namna hiyo katika chumba nyuma ya parokia. Walikuwa sita. Mmoja alikuwa Moïse, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mistari yake ubaoni ilianza chini kushoto na kupanda kama mbuzi wa Masisi mpaka ikatoka ubaoni. Pale hakuna aliyemcheka mtu kwanza. Ulijicheka mwenyewe, wengine wakakusindikiza. Walifundishwa kuweka kitambaa kibichi chini ya sahani isiteleze, kumimina wakiwa wameketi, kufanya jambo moja kabla ya lingine. Na kila mmoja aliambiwa achague kitu kimoja anachokitaka kweli.

Moïse alitaka kufunga kamba za viatu. "Banafunzi banajua," alisema. "Nikiinama tu, darasa lote linasimama kuangalia, kama kuna mpira."

Henriette alikusudia kusema kumimina chai. Mdomo ukasema, "Kufunga mutoto mugongoni."

"Uko na mutoto, mama?" Valérie aliuliza.

"Niko na miaka makumi sita na munane."

"Sikuuliza hiyo."

"Basi nifundishe tu. Mungu atatafuta mutoto."

Valérie alishona gunia dogo lenye miguu miwili, akalijaza kilo nne za maharagwe. Wakaliita Fiston. Kisha akakaa na Henriette, akaukata ule "hivi" wa watu vipande saba, kila kipande neno lake. "Mikono yako haikumbuke kitu," alisema. "Lakini kichwa chako kinakumbuka mbwa ya batu. Tuombe kichwa kikopeshe mikono." Maneno yalikuwa haya: Inama. Meza, yaani mgongo uwe sawa kama meza. Kovu, kitambaa kipite chini ya kwapa la mkono wenye kovu. Pete, chini ya kwapa lingine. Vuta. Songa. Na la mwisho Kiti: ncha za chini ziende chini ya makalio ya mtoto, afungiwe kiti. Ayaseme kwa sauti, neno kwanza, mkono nyuma yake. Na kukiwa na godoro chini. Na bila kuongeleshwa na mtu.

Fiston alianguka mwezi wa kwanza wote. Alianguka kwa kichwa, kwa ubavu, mara moja alipasuka na wanafunzi sita wazee wakatambaa kuokota maharagwe. Kulikuwa na Alhamisi moja ambayo Henriette alifunga vizuri ajabu, fundo la kupigiwa picha, akatembea mpaka mlangoni akishangiliwa na nafsi yake. Fiston alikuwa bado amelala kwenye godoro. Lakini mwaka ulipoisha, Fiston alikuwa anafika mlangoni mara tisa katika kumi, naye yumo ndani ya kikwembe.

Januari ya 2025 Mungu akaleta mtoto.

Héritière, yule wa kusalimia na miguu, alijifungua msichana kwa kupasuliwa, wakamwita Charline. Mume wake Rémy alikuwa Bunagana kwenye kazi ya mpakani, Laurence alikuwa Butembo, na barabara zote mbili zilikuwa zimekatwa na vita. Watu wa Kibumba walikuwa wamekwisha kuteremka na magodoro yao. Sasa milio ilikuwa inasikika upande wa Munigi, na kutoka Munigi mpaka Majengo ni safari fupi hata kwa mtu mwenye viatu vibaya. Daktari alikuwa amemkataza Héritière kuinua kitu wala kufunga kitu tumboni. Kwa hiyo swali katika nyumba ile lilikuwa moja tu: siku ya kukimbia, nani atambeba mtoto?

Eugénie alikuja kutoka Himbi, upande wa pili wa mji, kulijibu. "Vita ikikaribia nitakuja kumubeba mimi. Kwangu tuko batu kumi na munane, lakini nitakuja."

"Charline ni wa nyumba hii," alisema Henriette. "Nitamubeba mimi."

"Wewe? Mulamu, wewe ulimubeba mama yake, na mama yake aliona Rwanda kutoka chini!"

"Nimesoma."

"Umesomea maharagwe! Haya, onyesha. Fanya, tuone."

Henriette akasogea kando ya kitanda. Akapiga moyo konde. Inama. Meza. Héritière akamweka mtoto. Kovu...

"Angalia mukono!" alisema Eugénie. "Juu! Hapana, juu! Weka kichwa ya mutoto vizuri. Unafanya tu hivi..."

Vuta likatangulia Pete, Pete likapotea kabisa, na Charline akateleza polepole kama sabuni, akatua katikati ya godoro. Hakuumia. Alipiga chafya. Lakini Héritière akainama kwa shida, mkono mmoja kwenye kidonda, akamchukua mtoto wake.

"Munaona?" alisema Eugénie, na safari hii hakuwa anatania.

Henriette alikunja kikwembe. Alikikunja vibaya. "Sawa," alisema. "Utakuja wewe."

Wakakubaliana hivyo, na vita, ambayo haikuhudhuria kikao, ikaja asubuhi moja mwishoni mwa mwezi huo. Mabomu yalianza kabla ya chai. Simu zilikuwa zimekufa. Barabara iliyojaa watu ilikuwa inatiririka kuelekea ziwani, na hakuna mtu, hata mwenye miguu ya Eugénie, ambaye angeweza kupanda kinyume chake. Walingoja mpaka bati la jirani lilipopaa. Héritière akamkumbatia mtoto, akapiga hatua kumi mpaka kwenye lango, akarudi amejikunja, uso umekuwa wa majivu.

"Nipe nimushike mu mikono," alisema Henriette, kisha akajijibu mwenyewe, "Hapana. Mikono hapana. Mawe ya njia hii inanijua."

Wakatazamana. Héritière alimtazama mwanamke aliyemkimbiza mpakani akiwa kichwa chini. Halafu akamweka Charline kwenye godoro, akafunga mlango, kelele zikapungua.

"Koko," alisema, kama kwetu wanavyomwita bibi, "sema maneno yako. Mi nitanyamaza."

Akanyamaza kweli. Bomu lilianguka, hakusema haraka. Mkono wa Henriette ulipotea njia kwenye Pete, ukasimama hewani muda mrefu, na mjukuu wake akaziba mdomo kwa kiganja, akangoja. Mkono ukarudi. Vuta. Songa. Kiti. Uzito mdogo wa moto ukatulia kati ya mabega yake, na Henriette akasimama wima, wakashika njia ya parokia.

Valérie alikuwa ameagiza kwamba njiani fundo likaguliwe kila kona, kwa maneno yale yale. Basi Henriette akawa anaenda akisema, kwa sauti, ili ajisikie katika makelele: "Inama. Meza. Kovu." Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake na godoro kichwani, Mkatoliki mwema, alisikiliza kidogo, akaitikia, "Utuombee."

"Pete," alisema Henriette.

"Utuombee," walisema watu watatu.

"Vuta."

"Utuombee!"

Alitamani kugeuka kuwaeleza, lakini alikatazwa kuongea kati ya maneno. Kufika kwenye mzunguko wa barabara walikuwa kama thelathini, na wote walimwomba Mtakatifu Songa na Mtakatifu Kiti kwa moyo ambao watakatifu wengi waliosajiliwa hawajawahi kuombwa. Héritière alitembea pembeni, mkono tumboni, akilia na kucheka.

Hatua chache kabla ya lango la parokia, Henriette akaanguka. Juu ya nini? Juu ya hakuna kitu. Kilikuwa kimehama kutoka Majengo kumfuata. Alianguka kama alivyoanguka siku zote, mzima mzima, kwa magoti na mikono, akasikia mfupa wa mkono ukisema neno analolijua. Litania ikakatika. Henriette alibaki pale chini na miguu minne kama mbuzi wa baba yake, hakuthubutu kugusa mgongo. Alikuwa anangoja kusikia mtu akisema kamata mutoto.

"Héritière," alisema chini. "Iko wapi?"

"Iko mugongoni, Koko."

"Kichwa?"

"Kichwa iko juu. Analala."

Télesphore, katekista, ambaye alikuwa mlangoni akiwapokea watu, alimwinua kwa kwapa. "Mama, poleni. Hiyo litania ni ya wapi? Siko naijua."

"Ni ya Alhamisi," alisema Henriette.

Ndani waligundua kwamba gauni alilivaa nje-ndani na viatu vyake si ndugu. Na katika mfuko aliojaza kwa haraka, mahali pa unga na chumvi, alikuwa ameokoa Fiston. Walicheka mpaka kidonda cha Héritière kikauma. Siku ya tatu, chakula kilipokwisha, wakaacha kucheka, wakachemsha maji.

Siku ya tano, risasi zilipotulia, Eugénie aliingia akiwa amekimbia mji mzima, kitambaa cha kichwa mkononi. Alipita kati ya mikeka akitazama chini, kila pembe, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Aliwakuta nyuma ya jiko. Mkono wa Henriette ulikuwa umefungwa vibao viwili. Mtoto alikuwa mgongoni mwake.

Eugénie akalishika fundo. Akalivuta. Likakataa.

"Nani alimufunga?"

"Leo Héritière, ju ya mukono. Lakini siku ya kukimbia, mimi."

"Nani alikusaidia?"

"Héritière alinyamaza."

Eugénie akaketi juu ya jiwe. "Ulifanya namna gani?" aliuliza.

Jibu lilikuwa tayari, lilikuwa limengoja miaka ishirini na tatu, na Henriette hakuwa mtakatifu. "Unafanya tu hivi," alisema.

Eugénie akacheka mpaka akajifuta macho, na haijulikani alikuwa anafuta nini. Halafu akatazama huku na huku. "Na ile maharagwe yako? Fiston?"

"Tulimupika," alisema Henriette. "Alikuwa mutoto muzuri. Hata chumvi hakuomba."

Mwezi uliofuata, kidonda cha Héritière kilipokwisha kufunga, walirudi Majengo. Valérie alituma habari kwamba chumba cha Alhamisi kimefunguliwa, wamebaki watu wanne. Henriette, mkono bado kwenye vibao, alimwita Héritière, akampa lile gunia dogo, tupu, lenye miguu miwili.

"Nenda ku soko, jaza kilo nne. Alhamisi utaenda fasi yangu. Moïse amejua kiatu kimoja, bado kingine. Kazi yako itakuwa ya kukaa karibu yake na kunyamaza. Usimusaidie. Usimuambie haraka. Ni kazi nguvu kuliko kulima, nimeona batu wanaijua babili tu, na mumoja ni wewe."

"Sawa, Koko."

"Sijamaliza. Huyu," akaonyesha mgongo wa Héritière, ambako Charline alikuwa ananyonya ncha ya kikwembe, "damu yangu inaweza kuwa imemupitia. Siku moja atavunja kikombe. Nyamaza. Atavunja cha pili. Nyamaza. Akivunja cha tatu, keti chini naye, umukatie kazi vipande vipande, kila kipande neno yake. Fimbo, hapana. Na ukinunua maharagwe, chagua ya mazuri. Fiston ni mutu wa nyumba."